Nani Alicheza Hapa Jana

Noela alizaliwa Segese wiki ya Krismasi, ndiyo maana akaitwa Noela, na tangu akiwa mdogo alikuwa mtoto wa kuhesabu. Alihesabu kuku wa mama yake wakiingia bandani jioni, akahesabu mabenchi ya kanisani padri akiwa bado anahubiri, akahesabu malori yaliyokuwa yakielekea mgodi mkubwa na kuacha vumbi kwenye nguo zilizoanikwa. Mama yake, Euphrasia, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Noela, alikuwa akisema huyu ataishia kuwa karani wa mizani ya pamba. Hakuishia huko. Alisoma takwimu chuoni Dodoma, akarudi nyumbani na cheti, na kazi ya kwanza aliyoipata ikawa ukarani wa sensa, ile ya mwaka elfu mbili ishirini na mbili.

Sensa ilimfaa. Alizunguka Msalala akiwa na kizibao na kishikwambi, jua la utosi, mbwa wa watu wakimfukuza. Semina ilikuwa imewafundisha jambo moja kubwa: usiulize nyumba ni ya nani, uliza nani alilala hapa. Kwa Segese hilo lilikuwa na maana yake, kwa sababu nyumba ina mwenyewe mmoja na vyumba viwili, lakini wanaolala ndani ni wachimbaji kumi na mbili wanaopokezana magodoro kwa zamu. Kuna chumba aliandika watu tisa, msimamizi akadhani amekosea, akamrudisha. Aliporudi akakuta ni kumi. Somo hilo, msomaji, lishike wewe, maana Noela mwenyewe aliliangusha njiani.

Baada ya sensa alihangaika miaka miwili na vibarua vya kuhoji wakulima wa pamba, kisha akaona tangazo. Kampuni ndogo ya Dar es Salaam iliyotengeneza mchezo wa simu uitwao Vita vya Kisima ilikuwa inatafuta mtu wa kupima. Kupima nini hasa, siku ya usaili hakuelewa vizuri, aliitikia tu kwa kujiamini. Walimpa miezi sita ya majaribio, afanye kazi akiwa Shinyanga mjini, kwenye chumba chake cha kupanga pale Ngokolo. Majaribio yakienda vizuri ataajiriwa moja kwa moja. Yasipoenda, atarudi Segese na kompyuta yake mgongoni, na majirani watamwuliza kulikoni, na yeye hakutaka kuulizwa.

Mchezo wenyewe si mgumu kuuelewa. Watu watano wanapambana na watano wengine kugombea kisima, kila mmoja na simu yake popote alipo nchini. Kabla ya mechi kila mchezaji anachagua mhusika wake. Yuko mwenye mkuki, yuko fundi wa moto, yuko mchunga ng'ombe anayekimbia sana, na yuko Bi Nyuki, mwanamke mnene mwenye mzinga kichwani, ambaye hapigani kwa mkono bali anatuma nyuki wake wakaume. Mchezo wa namna hii unakaa sawa pale ambapo mhusika yeyote, akichezwa mechi mia, anashinda karibu hamsini. Akizidi sana, watu wote watamng'ang'ania yeye, na waliobaki wataudhika na kuufuta mchezo.

Bi Nyuki alikuwa amezidi. Kwa mikoa ya Shinyanga na Geita alikuwa anashinda mechi sitini katika kila mia, na wachimbaji walimpenda kupita kiasi. Kampuni ikaamua kupunguza sumu ya nyuki wake, kwanza katika mikoa hiyo miwili tu, halafu ikionekana imefaa, nchi nzima. Kazi ya Noela ilikuwa kuangalia kwa wiki nne na kusema kama imefaa. Neno lake ndilo lingeamua sumu ipunguzwe nchi nzima au isipunguzwe, na pia ndilo lingeamua kama yeye anabaki kazini.

Sumu ilipunguzwa Jumatatu. Jioni ya siku hiyo mama yake alipiga simu.

"Mwanangu, watu wananiuliza unafanya kazi gani, nakosa la kuwajibu. Hiyo kazi yako ni ya kufanyaje hasa?"

"Ni ya kompyuta, mama. Huwezi kuelewa."

"Si ulisema ni ya ule mchezo wa kisima?"

"Ndiyo, lakini mimi sichezi. Mimi napima."

"Unapima mchezo."

"Mama, niko kazini. Saa za kazi usiwe unanipigia. Nitakupigia mimi."

Hakupiga. Wengi wetu tumewahi kusema nitakupigia kwa sauti ileile, kwa hiyo tusimhukumu sana.

Wiki ya kwanza ilipoisha, Noela alifungua hesabu zake akakuta Bi Nyuki ameshinda mechi arobaini na saba katika kila mia. Kutoka sitini hadi arobaini na saba! Alisimama, akakaa, akasimama tena. Aliangalia akaunti zinazomcheza Bi Nyuki, akakuta ni zilezile za mwezi uliopita, hakuna iliyokimbia, idadi ya mechi ni karibu mia sita kama kawaida. Watu walewale, mhusika yuleyule, kilichobadilika ni sumu peke yake. Ushahidi gani mwingine unatakiwa? Aliandika taarifa ya kurasa mbili na kuituma Dar es Salaam kwa mkuu wake, Theonest, kijana mpole anayeongea polepole hata akiwa na haraka.

"Dada Noela, hongera sana," Theonest alimwambia kwenye simu. "Hii ndiyo kazi tuliyokuwa tunaitafuta. Ukinipa ya wiki nne ikiwa hivi, mkataba wako nausimamia mwenyewe."

Kampuni haikungoja hata hiyo wiki ya nne. Ilitoa tangazo ndani ya mchezo kwamba marekebisho ya Bi Nyuki yamefanikiwa, na Noela akalisoma mara tano. Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyemtia mashaka. Ni Luka, dereva bodaboda wa pale kona ya Ngokolo, ambaye akiwa hana abiria hucheza Vita vya Kisima juu ya pikipiki yake. Noela alimwuliza anaonaje Bi Nyuki siku hizi.

"Yuko vilevile, dada," Luka alisema bila kuinua macho. "Anauma tu."

Noela alicheka moyoni. Mtu mmoja si takwimu, alijiambia, akapita zake.

Wiki ya pili Bi Nyuki alishinda arobaini na tisa. Noela alisema hiyo ni bahati, namba hupanda na kushuka. Wiki ya tatu ikawa hamsini na mbili. Hapo alianza kujikuna kichwa. Sumu iko palepale ilipopunguzwa, hakuna aliyeirudisha, alihakikisha mara mbili na mafundi wa Dar es Salaam. Sasa nyuki wasio na sumu wanauaje? Alifikiri labda wachezaji wamegundua mbinu mpya. Alitazama mechi thelathini mwanzo hadi mwisho, asione mbinu yoyote, isipokuwa Bi Nyuki fulani aliyezunguka kichaka kimoja dakika nzima kama aliyepoteza ufunguo. Alifikiri labda wapinzani ndio wamekuwa wazembe. Akafikiri labda mtandao. Akafikiri labda mvua, kwa sababu mvua zilikuwa zimeanza, ingawa hakuweza kujieleza mvua inaingiaje.

"Dada Noela, sielewi," Theonest alisema. "Marekebisho yanafanya kazi wiki moja halafu yanaisha nguvu? Kwani ni dawa ya kutuliza maumivu?"

"Nachunguza, kaka Theonest."

"Chunguza haraka. Tangazo tumeshalitoa. Jumatatu ya wiki ijayo nataka neno moja, imefanya kazi au haijafanya."

Wiki ya nne, hata kabla haijaisha, ikawa inasoma hamsini na tano, na Noela akakosa hamu ya kula. Alikuwa amechanganyikiwa kwelikweli. Kuna kutokujua kwa mtu ambaye hajasoma, hicho ni kitu cha kawaida, unauliza unaambiwa. Kutokujua kwake kulikuwa kwa mtu mwenye namba zote mezani, zimepangwa, zimepakwa rangi, na kila akizitazama zinamwambia jambo tofauti na la jana. Usilolijua ni usiku wa giza, na yeye alikuwa humo gizani na taa imewaka.

Ijumaa aliacha kutazama jumla akaanza kutazama akaunti mojamoja. Hapo ndipo alipoziona. Kulikuwa na akaunti kumi na nne ambazo kwa pamoja zilikuwa zikicheza karibu nusu ya mechi zote za Bi Nyuki. Kabla ya sumu kupunguzwa zilikuwa zikicheza jioni, zote kwa mkupuo, kama watu waliotoka kazini. Tangu Jumatatu ile ile ya marekebisho zilihamia asubuhi, kati ya saa tatu na saa sita. Tena hazikucheza pamoja kamwe. Ya kwanza inacheza mechi zake tatu inaacha, ya pili inaanza, ya tatu inafuata, hadi ya kumi na nne, kila siku kwa mpangilio uleule. Siku ya gulio zilichelewa hadi mchana. Jumapili asubuhi zilikuwa kimya kabisa hadi saa saba.

Alimpigia Theonest.

"Hiyo ni roboti," Theonest alisema mara moja. "Mtu ametengeneza programu inacheza badala yake. Jumatatu nazifungia zote kumi na nne. Ndiyo zimetuharibia hesabu."

"Kaka, roboti gani inakwenda kanisani?"

"Andika tu roboti," Theonest alisema.

Noela alirudi kwenye orodha ya yale majina kumi na nne. La tano liliandikwa Cornel Karasha. Alimfahamu Cornel mmoja wa Segese, mchimbaji, waliyesoma naye shule ya msingi, aliyekuwa akikaa dawati la nyuma na kumvuta nywele. Namba yake alikuwa nayo. Simu iliita muda mrefu, kisha ikapokelewa katikati ya kelele.

"Cornel, Noela hapa, wa Mama Noela."

"Eeh, Noela! Za Shinyanga? Sema kwa nguvu, huku karasha zinasaga mawe."

"Uko wapi?"

"Rashi! Tumekimbilia dhahabu mpya huku Nyang'hwale, mbele ya Kharumwa kidogo. Duara, shimo letu la kuchimba, limetema, dhahabu inaonekana kwa macho. Mwezi sasa. Segese nzima iko huku."

"Mwezi? Mbona jana ulicheza Vita vya Kisima?"

"Mimi?" Cornel alicheka. "Huku hata kuoga hatuogi. Nina kitochi tu. Simu kubwa ukija nayo rashi inadumbukia shimoni, au inaibiwa. Tumeziacha zote kwa mama yako, kumi na nne."

"Sasa nani anacheza?"

"Si nimekwambia ziko kwa mama yako."

Simu ikakatika. Noela alibaki ameishika sikioni. Mama yake ana banda la kuchaji simu pale Segese, hilo alilijua, ndilo lililomlipia ada. Lakini mama yake ni mwanamke anayesoma ujumbe wa simu kwa kuisogeza mbali na uso na kutamka kila neno. Haiwezekani, alijiambia. Halafu akakumbuka siku ya gulio. Akakumbuka Jumapili asubuhi, na saa saba, ambayo ndiyo saa mama yake hufika nyumbani kutoka misa ya pili.

Jumamosi alipanda gari la Kahama, akaunganisha la Segese, saa nne akawa amefika. Banda lilikuwa vilevile, paneli mbili za sola juu ya bati, nyaya zimening'inia, na meza ndefu yenye simu zilizopangwa, kila moja imebandikwa plasta yenye jina. Mama Noela alikuwa kwenye benchi, miwani imefungwa uzi upande mmoja, amejikunyata juu ya simu yenye plasta iliyoandikwa Fredy.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Mbona hukusema unakuja? Kaa. Ngoja kwanza, kuna mtu ananifuata huku."

Noela alikaa. Alimtazama mama yake akimkimbiza Bi Nyuki hadi nyuma ya kichaka, kichaka kilekile alichokiona kwenye zile mechi thelathini, na kumficha humo. Kisha kwa kidole gumba kimoja, kigumu kwa miaka ya jembe, akatuma nyuki. Adui akaanguka. Mama Noela akapumua.

"Wiki za mwanzo nilikuwa nawafuata mpaka kisimani, nakufa," alisema. "Siku hizi nakaaga kichakani. Mwanamke mnene hakimbizani na watu."

"Mama, nani alikwambia ucheze?"

"Cornel na wenzake. Walikuja Jumatatu moja, mwezi sasa, wanakimbilia rashi, hata chai hawakunywa. Wakasema, Mama Noela, mchezo huu usipoucheza kila siku ile zawadi ya mfululizo inakatika, unaanza upya na moja. Cornel amefikisha siku mia moja na tisini na mbili! Nikamwonea huruma. Nikasema nitawachezea, mechi tatu tatu, kila asubuhi nikimaliza kufagia." Alitazama kioo cha simu, akaiweka mezani, akachukua inayofuata. "Halafu si ndio mchezo wako?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema nisikupigie saa za kazi." Hakusema kwa hasira, alisema tu. "Na nikikuuliza unafanya nini huko, unasema mama huwezi kuelewa. Nikaona hii ndiyo nafasi. Nitacheza, nitaelewa, siku ukija nitakuwa na la kuongea na wewe."

Noela alitazama chini. Alisikia aibu ikimpanda kutoka miguuni, aibu ya mtu mzima, isiyo na pa kujificha. Amehesabu mechi mia sita kila wiki, na mtu aliyekuwa upande wa pili wa zile namba alikuwa mama yake akimsubiri ampigie.

Kisha alimweleza. Alimweleza yote, kwa mara ya kwanza, bila kuruka: sumu, mia sita, sitini, arobaini na saba, taarifa, tangazo, mkataba, Jumatatu. Mama Noela alisikiliza bila kucheza. Alipoelewa, alivua miwani.

"Kwa hiyo ile wiki ulivyopongezwa, ni kwa sababu mimi nilikuwa nashindwa."

"Ndiyo, mama."

"Na zilivyopanda, ni kwa sababu nimejifunza."

"Labda. Au kwa sababu ukishindwa sana mchezo unakushusha daraja, unakuletea wapinzani wepesi. Sijui ni lipi. Inawezekana ni yote mawili."

Mama Noela alionekana kuumia kidogo kwa hilo la wapinzani wepesi, lakini hakulisema. "Basi nimekuharibia kazi, mayu wee," alisema. "Nilitaka kukusaidia nikakuharibia."

"Hukuharibu. Mimi ndiye sikuuliza."

Walikula ugali na mlenda, wakaongea mambo ya jamaa. Lakini kichwani Noela alikuwa anapiga hesabu nyingine, na tuseme ukweli, haikuwa hesabu nzuri. Angeweza kumwambia Theonest ndiyo, ni roboti, zifungie. Zile kumi na nne zikiondolewa, mechi zilizobaki zinasoma sitini kabla ya marekebisho na hamsini na nane baada yake. Imeshuka. Imeshuka mbili tu, lakini imeshuka, na neno "imefanya kazi" lingekaa pale bila kuonekana la uongo. Mkataba ungekuja. Cornel angerudi kutoka rashi akakuta akaunti yake imefungwa, siku zake zote zimepotea, angemlaumu nani? Angemlaumu aliyemwachia simu. Noela aligeuza geuza mlenda kwenye bakuli. Alijua hilo hawezi kulifanya, lakini hamsini na nane bado ilimvuta. Angeweza kusema ukweli wa mama yake na bado akashika ile mbili.

Alimweleza mama yake hilo nalo, wakiosha vyombo.

"Hizo nyingine zilizobaki," Mama Noela aliuliza, "zisizo za kwangu. Hizo unajua nani anazicheza?"

"Wenyewe."

"Unajua, au unasema?"

Noela alishika sahani yenye povu. Segese peke yake kuna mabanda manne ya kuchaji simu. Kharumwa kuna mengine, Geita kuna mengine mengi, na rashi moja inapotokea, watu wanahama na simu zinabaki kwa mama fulani, kwa dada fulani, kwa muuza duka. Wachimbaji wanashirikiana duara moja, godoro moja, sahani moja. Leo wangeogopa kushirikiana akaunti? Yeye, karani wa sensa aliyekuta watu kumi kwenye chumba cha watu tisa, alikuwa amehesabu milango mwezi mzima na kuiita watu.

"Sijui," alisema.

"Basi andika hivyo."

"Mama, watu hawaajiri mtu wa takwimu anayesema sijui."

Mama Noela alimwaga maji machafu nje ya mlango. "Mimi sijui watu wanaajirije," alisema. "Nilikuwa nauliza tu."

Jumapili walikwenda misa, na saa saba, simu kumi na nne zikiwa zimeanza kuchezwa moja baada ya nyingine, Noela alikaa mwisho wa benchi akaandika. Taarifa ya kwanza ilikuwa kurasa mbili. Hii ilikuwa mistari sita. Aliandika kwamba hajui kama marekebisho yamefanya kazi. Aliandika kwamba taarifa yake ya wiki ya kwanza haikuwa sahihi, kwamba kushuka kule kulitokana na wachimbaji kwenda rashi na kumwachia mama yake simu, na kupanda kulitokana na mama yake. Aliandika kwamba zile akaunti si roboti na zisifungiwe. Aliandika kwamba tulihesabu akaunti tukidhani ni watu, na kwamba kabla ya kupunguza sumu ya mtu yeyote tena lazima mchezo uwe na njia ya kujua mkono ulioshika simu leo ni uleule wa jana. Alisoma, akataka kuongeza maneno mazuri, akayakosa. Akatuma.

Theonest alipiga Jumatatu saa tatu.

"Nimesoma," alisema polepole. "Ni mama yako mzazi?"

"Mzazi."

"Na anashinda?"

"Wiki hii ameshinda zaidi ya nusu."

Theonest akasema, "Dada Noela, tangazo nililitoa mimi, kwa neno lako. Sasa itabidi nilirudishe mimi, na wakubwa wataniuliza. Sumu tunairudisha ilivyokuwa. Mkataba siwezi kukupa. Nimewaomba wakuongezee miezi mitatu ya majaribio, kwa masharti yaleyale, upime upya hiyo njia unayoisema. Wamekubali kwa shida. Ukikataa nitakuelewa."

"Sikatai."

"Na mimi kaka yako naomba kitu kimoja."

"Sema."

"Mwambie mama asiache ghafla. Akiacha atanichanganyia namba tena."

Noela aliweka simu mezani. Hakujua kama amepona au ameumia. Alijipima ndani, akakuta vyote viwili viko, na hakuweza kusema kipi ni kikubwa. Mama yake alikuwa anamtazama juu ya miwani.

"Wamesemaje?"

"Mkataba hakuna. Wameniongezea miezi mitatu ya majaribio."

Mama Noela alilifikiria hilo, simu yenye plasta ya Ignas ikiwa mkononi.

"Kwa hiyo na wewe wamekupunguza sumu," alisema. "Watajuaje kama imefanya kazi?"

Kicheko kikamtoka Noela, kikamshinda, akacheka hadi machozi yakamtoka, na mengine kati ya machozi hayo hayakuwa ya kicheko. Mama yake alisogea kwenye benchi akamwachia nafasi, akampa ile simu.

"Cheza wewe hii ya Ignas," alisema. "Nikuone. Miezi yote hii unapima, hujawahi kunionyesha."

Noela alimchagua Bi Nyuki. Hakuwahi kumcheza hata mara moja. Alimpeleka mbio hadi kisimani, katikati ya maadui watano, na nusu dakika haikuisha Bi Nyuki alikuwa amelala chini na mzinga wake.

"Kichakani," mama yake alimwambia. "Nilikwambia kichakani. Anza tena, nitakufundisha."

Noela akafungua daftari lake jipya na kuandika mstari wa kwanza wa vipimo vipya: simu ya Ignas, Segese, saa tatu na nusu asubuhi, aliyecheza ni Noela, ameshindwa. Halafu akamwuliza mama yake kichaka kipi.